Sauti Ivuke Bonde: Kuunda Gari la Matangazo Mbulu na Hanang

Kabla hujanunua hata spika moja, jiulize: sauti yako unataka isikike ndani ya gari au nje? Wengi hawajiulizi. Wananunua amplifaya yenye namba kubwa ubavuni, wanapanga sabufa mbili nyuma ya Noah, halafu wanashangaa kwamba mtu aliyesimama ng'ambo ya korongo anasikia mvumo tu, neno hata moja halimfikii. Kazi hizi mbili zina vifaa tofauti na hesabu tofauti, na ukizichanganya utatumia fedha mara mbili.

Sauti ya ndani ndiyo inayoshindaniwa duniani. Katika mashindano kama dB Drag Racing, yaliyoanzia Marekani na kuenea Ulaya na kwingineko, gari hufungwa milango na vioo, kipimo hubandikwa kwenye kioo cha mbele, kisha spika hupiga mlio mmoja mzito kwa sekunde chache. Anayepata desibeli nyingi zaidi ndiye mshindi. Magari ya madaraja ya juu yamevuka desibeli 180. Kwa nguvu hiyo kioo cha kawaida hakidumu, milango hubanwa kwa vyuma, na hakuna binadamu anayekaa ndani. Mwenye gari huliwasha akiwa nje. Nairobi, matatu zimechukua njia ya karibu na hiyo kwa sababu ya biashara: kijana anachagua gari la kupanda kwa kusikiliza besi yake kituoni.

Huku kwetu sauti yenye kazi ni ya nje. Gari la matangazo linapita Katesh siku ya mnada, linazunguka Endasak na Gitting kutangaza chanjo ya mifugo, linapanda Dongobesh hadi Haydom na tangazo la tamasha, na msimu wa kampeni linatembea kutwa nzima. Nyumba zetu hazijabanana. Kwenye milima ya Mbulu boma moja liko juu ya mgongo, jingine chini kabisa kwenye maji, na katikati kuna bonde la mashamba. Sauti inapaswa kuvuka bonde hilo ikiwa bado ni maneno. Mwongozo huu ni wa gari hilo, ila nitachota kila kinachofaa kutoka kwa wale wa mashindano, kwa sababu kuna jambo moja wanalijua kuliko mtu yeyote: ukubwa wa sauti unatoka kwenye umeme uliofika na hewa iliyosukumwa, hautoki kwenye namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Hesabu ya desibeli

Jifunze mambo matatu, utawashinda mafundi wengi. Kwanza, ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi. Masikio yanaziona ni nyongeza ndogo. Ili mtu aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, na hizo zinadai nguvu mara kumi. Pili, uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inashuka desibeli 6. Tatu, kila spika ina wepesi wake wa kutoa sauti, nao huandikwa kwenye karatasi ya kiwandani: desibeli ngapi kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1.

Sasa tazama jambo hili la tatu linavyobadilisha kila kitu. Sabufa ya gari ya kawaida ina desibeli 88 hivi kwa wati 1. Spika ya honi, ile yenye mdomo mpana unayoiona misikitini na makanisani, hufika 106 na zaidi. Ipe honi wati 50: utapata desibeli 123 kwa mita 1. Ipe sabufa wati 1,000: utapata 118. Yaani honi moja yenye amplifaya ndogo inaishinda sabufa iliyomaliza betri yako, tena kwa sauti ambayo ndani yake mna maneno.

Endelea na honi hiyo hadi kilomita moja. Kutoka mita 1 hadi mita 1,024 umbali umeongezeka mara mbili mara kumi, hivyo unatoa desibeli 60. Zinabaki 63. Asubuhi tulivu kijijini, kelele za kawaida huwa chini ya hapo, na mtu anayekamua ng'ombe atasikia tarehe na mahali pa mkutano. Upepo, miti na mgongo wa kilima vitakula sehemu ya hizo 63, nami nitarudi kwenye jambo la upepo, lakini msingi ni huu: usinunue wati, nunua wepesi wa spika.

Kuchagua honi na kuilinda

TOA na Ahuja ni majina ambayo mafundi wa Tanzania wanayafahamu vizuri. Bandia pia zipo, zenye jina lilelile na rangi ileile. Honi ni vitu viwili: mdomo na yuniti inayofungwa nyuma yake kwa hesi. Mdomo ukiwa mpana na mrefu, sauti nzito ya kiume inapita vizuri na mwelekeo unakuwa mkali; mdomo mfupi unatoa sauti ya puani. Pima yuniti kwa mita ya fundi kabla ya kulipa. Yuniti ya omu 16 huonyesha 11 hadi 13 kwenye mita. Ikionyesha sifuri koili imepiga shoti, na isiposoma kitu koili imekatika.

Kinachoua yuniti nyingi siyo sauti kubwa, ni besi. Ndani ya yuniti kuna kiwambo chembamba, chepesi kuliko karatasi ya daftari, ambacho kimeundwa kusogea kidogo sana. Ukipitisha muziki wenye ngoma nzito, kinasogea kuliko uwezo wake hadi kinapasuka ukingoni. Ukifungua yuniti iliyokufa utaukuta huo ufa: mstari mwembamba unaozunguka pale kiwambo kinapokunjwa, na mara nyingi waya wa koili umekatika hapohapo. Dawa yake ni ya bei ndogo. Funga kapasita ya mikrofaradi 33, isiyo na upande chanya wala hasi, ya volti 100 au zaidi, kwenye waya mmoja unaoingia yuniti ya omu 16. Itazuia masafa ya chini ya hezi 300 hivi. Sauti ya binadamu haitapoteza kitu cha maana, kwa kuwa maneno yanaeleweka kwa masafa ya hezi 300 hadi 4,000.

Kuunganisha kuna hesabu yake. Yuniti mbili za omu 16 zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi zinakuwa omu 8. Nne zinakuwa omu 4. Angalia nyuma ya amplifaya inakubali omu ngapi kwa chini kabisa, usishuke hapo. Na hakikisha yuniti zote zinasukuma kwa wakati mmoja. Ukibadilisha nyaya za moja, mbili zinazotazama upande mmoja zitavutana na kuzimana, na utalaumu amplifaya bure. Jaribio ni jepesi: simama mbele ya honi mbili, geuza nyaya za moja, sikiliza, kisha rudisha. Upande wenye sauti kubwa ndio sahihi.

Umeme, ambapo kazi yenyewe ilipo

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko popote. Watu wa mashindano hutumia sehemu kubwa ya fedha zao kwenye betri, alteneta na nyaya, na wana haki.

Amplifaya ya wati 120 ya aina ya kawaida, ile inayopata moto, hutumia kama ampea 16 inapopiga kwa nguvu zote. Mbili ni ampea 32. Alteneta ya Noah au Hiace nzima inaweza kuzibeba gari likiwa linatembea. Kirikuu ina alteneta ndogo zaidi, kwa hiyo soma kibandiko chake kwanza. Kumbuka pia kwamba ampea zilizoandikwa hapo ni za injini inayozunguka kwa kasi. Gari likiwa limesimama linanguruma polepole, alteneta inatoa sehemu tu ya hizo, na gari la matangazo husimama sana.

Ukiamua kuongeza sabufa ya wati 1,000 halisi, hata kwa amplifaya ya kisasa isiyopata moto sana, unazungumzia ampea 90. Fikiria waya wenye milimita 6 za mraba, ule wa kufungia jiko la umeme nyumbani, ukitoka betri mbele hadi amplifaya nyuma: mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Kwa ampea 90 unapoteza volti 2.6 njiani. Betri inatoa 13.8, amplifaya inapokea 11.2, inazima au inapasua sauti. Waya wa milimita 16 unapoteza volti 1. Wa milimita 35 unapoteza nusu volti, nao ndio ningeweka. Kwa honi peke yake, milimita 10 zinatosha, ukiwa na 16 umekaa vizuri kabisa.

Lakini hizo ni hesabu za shaba. Maduka yamejaa waya mnene wenye gamba linalong'aa, jekundu au la buluu, ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unapitisha umeme vibaya zaidi, na baada ya muda ncha zake zinaota unga mweupe. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Huo mwingine utaona weupe mara tu kisu kinapopita. Ukikosa shaba, nunua aluminiamu ukijua kwamba unapaswa kupanda ukubwa hatua nzima. Mimi ningetafuta waya wa mashine ya kuchomelea: ni wa nyuzi nyembamba nyingi, unakunjika, gamba lake la mpira linavumilia mafuta na joto. Wachomeleaji wanaujua, na shaba yake nayo ikwangue kwa kisu kilekile.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye terminali. Watu huiweka karibu na amplifaya, na hilo ni kosa la hatari. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichubuka kwenye bati la gari mahali popote kabla ya fyuzi, betri nzima inamwaga nguvu zake pale na gari linaungua na dereva ndani. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira. Barabara zetu za vumbi zina matuta yanayotikisa gari kutwa. Kinachogusa bati leo bila kuchubuka, wiki ya tatu kimeshafika kwenye shaba.

Upande wa hasi unasahaulika kuliko wote. Umeme unaokwenda lazima urudi kwa njia nene ileile. Tafuta mahali kwenye chasi penye chuma kizito, kwangua rangi hadi uone chuma cheupe, funga kwa bolti na nati mbili, kisha paka grisi juu ili kutu isianze. Wakati huohuo ongeza waya mpya kati ya hasi ya betri na bodi, kati ya injini na bodi, na kati ya alteneta na chanya ya betri. Nyaya hizo tatu fupi ni bei ya chakula cha siku chache, na mara nyingi zinaondoa ule mfifio wa taa unaoonekana kila ngoma inapopiga.

Betri ya N70 inatosha kwa honi. Matangazo ya maneno hayatumii nguvu zote muda wote, wastani huwa kama theluthi, hivyo unaweza kusimama saa mbili hadi tatu injini ikiwa imezimwa bila kuivuka nusu ya betri. Nusu ndiyo mpaka. Betri ya kawaida ya asidi ikishushwa chini ya hapo mara kwa mara inakufa mapema. Iache itulie, ipime: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Ukitaka betri ya pili kwa ajili ya sauti, weka swichi inayozitenganisha injini ikizimwa, vinginevyo utakwama Yaeda Chini na tangazo limekwisha vizuri lakini gari haliwaki. Betri hiyo isikae ndani ya kabini bila tundu la hewa, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Wengine huchukua njia ya jenereta ndogo ya petroli nyuma ya kirikuu na amplifaya ya umeme wa nyumbani. Siikatai. Ni rahisi kutengeneza, na amplifaya hizo zinapatikana kila mji. Ila jenereta inanguruma ndani ya maiki, inaongeza moshi mahali mtangazaji alipo, na siku ya mvua nyaya za volti 230 juu ya bati lililolowa ni jambo la kufa na kupona. Ukiichagua, tangazo liwe limerekodiwa, siyo la maiki, na waya zote zipite mahali pakavu.

Kufunga juu ya paa

Honi nne zinazotazama pande nne zinapendeza kwa macho. Kwa umbali, mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu zikitazama mbele zinashinda, kwa sababu nguvu zao zinajumlishwa hadi desibeli 6. Zikitenganishwa kwa mita moja au zaidi, mtu aliyesimama pembeni husikia maneno yakiwa na mawimbi, yanazidi na kufifia anapotembea. Mpango ninaoupenda ni mbili mbele zikiwa pamoja, na mbili nyuma zikiwa pamoja, zote zikiinamishwa kidogo sana kuelekea chini ili sauti isipite juu ya vichwa vya watu wa karibu. Ukifika kwenye kilima, ungependa kuziinua. Kwa hiyo mwambie mchomeleaji atengeneze bano lenye bolti moja unayoweza kulegeza kwa spana namba 13.

Keria ichomelewe au ifungwe kwa bolti za kweli, siyo kamba. Anayeshuka Mlima Magara kutoka Mbulu anajua ile miteremko na kona: uzito juu ya paa unalivuta gari kwenda nje ya kona, na kila kilo unayoweza kuiacha chini iache chini. Amplifaya, betri ya pili, masanduku, vyote vikae sakafuni. Honi peke yake ndiyo ipande juu. Kila bolti iwe na nati mbili au waisha ya springi, na Jumamosi moja kwa mwezi izungukie kwa spana. Gari likilala, geuza midomo ya honi chini kidogo au ifunike. Maji yakiingia yanakaa juu ya kiwambo, na vumbi la barabara ya Haydom linageuka tope ndani yake.

Kwa anayetaka besi pia

Kuna matangazo ya tamasha ambayo bila muziki hayavuti mtu, nami sitamzuia anayetaka sabufa. Lijenge sanduku vizuri. Kwa sabufa ya inchi 12, ukubwa wa ndani wa lita 60 uliobaki baada ya kutoa nafasi ya spika yenyewe na bomba, ukiwa na bomba la upana wa sentimita 8 kwa 15 na urefu wa sentimita 29, utapata mlio mkuu wa hezi 40 hivi. Ndani sanduku liwe sentimita 50 kwa 40 kwa 34, hapo una lita 68 na nafasi zote zimehesabiwa. Tumia MDF au plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu kila sentimita 10, na silikoni kwenye kila pembe. Pitisha mkono uliolowa kwenye viungio spika inapopiga: palipo na tundu utasikia hewa baridi. Tundu dogo tu linaharibu kila kitu, na hilo ndilo jambo ambalo watu wa mashindano wanalikazania kwa wiki nzima kabla ya kugusa amplifaya.

Besi hiyo isiende kwenye honi, na maneno yasiende kwenye sabufa. Amplifaya mbili, kila moja na kazi yake. Ukifungua mlango wa nyuma besi inatoka lakini inapungua nguvu, maana gari lililofungwa ndilo lililokuwa linaibana. Ni kawaida, usiongeze nguvu kuifidia.

Kupanga nguvu ya amplifaya ni kazi ya mita, siyo ya sikio. Chomoa spika. Piga kwenye simu mlio mmoja, hezi 1,000 kwa honi au 50 kwa sabufa, sauti ya simu ikiwa robo tatu. Pima volti zinazotoka kwenye amplifaya na upandishe kitufe polepole hadi ufikie kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 100 kwa omu 4 ni volti 20. Wati 500 kwa omu 2 ni volti 31 na kitu. Hapo weka alama ya rangi na usipite. Sauti inayokwaruza ni amplifaya iliyoishiwa, na inaunguza koili haraka kuliko sauti kubwa iliyo safi.

Hewa ya huku

Mji wa Mbulu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Spika inasukuma hewa, na ikisukuma hewa nyepesi unapoteza karibu desibeli moja na nusu. Siyo nyingi, lakini kuzirudisha kunadai nguvu zaidi kwa asilimia 40, na hewa hiyohiyo inapoza amplifaya vibaya zaidi. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka amplifaya na usiifunike kwa blanketi ili kuzuia vumbi. Tumia kitambaa chembamba cha chujio, kioshe kila wiki.

Saa ya kutangaza ina thamani kuliko amplifaya ya pili. Mchana jua linapochoma ardhi, hewa ya chini ina joto na sauti hupinda kwenda juu; mtu wa mita 500 anakukosa. Alfajiri na jioni ardhi imepoa, sauti hupinda kurudi chini na kusafiri mbali. Upepo nao: kwenye tambarare kuelekea Ziwa Balangida simamisha gari upande upepo unakotoka, utangaze ukiuelekeza kule unakokwenda. Kwenye mabonde ya Mbulu, mgongo wa kilima ulio mita 170 mbele yako utakurudishia maneno yako baada ya sekunde moja, juu ya maneno yanayofuata. Tangaza sentensi fupi, nyamaza, acha mwangwi upite, endelea. Tangazo moja lililosemwa kwa Kiswahili kisha Kiiraqw, na Kidatoga ukiwa Basotu au kwa wafugaji, linafika mbali kuliko desibeli zozote.

Maiki ikianza kupiga yowe, tatizo ni mahali mtangazaji alipo. Akae ndani ya kabini, nyuma ya midomo ya honi, vioo vimefungwa, maiki karibu na mdomo. Punguza besi kwenye mikisa hadi sauti iwe kavu. Kwenye kabini itakukera, lakini nje inakata.

Masikio, mifugo na sheria

Ndani ya kabini iliyo chini ya honi sauti inaweza kufika desibeli 95 na zaidi. Kwa kipimo kinachotumika kwa wafanyakazi wa viwandani, desibeli 85 ni za saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Mtangazaji na dereva wavae viziba masikio vya povu. Masikio yanayolia usiku baada ya kazi yameshaumia, na kilichopotea hakirudi. Usiwashe honi mtoto akiwa mbele yake. Watoto huja mbio kusimama mdomoni kabisa, kwa hiyo mweke mtu wa kuwaondoa kwanza.

Ng'ombe wakiwa barabarani, zima kabisa hadi wapite. Kundi likishtuka linaingia kwenye mahindi ya mtu au linamkanyaga mchungaji, na mchungaji mara nyingi ni mtoto. Hospitali ya Haydom, Tumaini pale Katesh, shule wakati wa masomo, msiba: pita kimya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2015 za viwango vya kelele na mitetemo zinaruhusu kelele kidogo zaidi usiku kuliko mchana, na mamlaka ya taifa ya mazingira ndiyo yenye kuzisimamia. Kabla ya kutoka, pata kibali cha halmashauri na mjulishe mtendaji wa kijiji. Mikutano ya kampeni hufungwa saa 12 jioni. Gari lako nalo lifunge.

Na weka gari tayari hata siku isiyo na kazi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, likaua zaidi ya watu 80. Gari lenye betri iliyojaa na honi inayosema maneno yanayoeleweka linaweza kuwaambia watu wasivuke korongo, wapi pana makazi, wapi wameandikisha waliopotea. Mpe mtendaji namba yako mapema, na kila Ijumaa pima betri.

Siku ya kwanza

Nenda kiwanja cha mpira asubuhi na mapema pakiwa hakuna mtu. Mwenzako atembee kutoka kwenye gari akiwa na karatasi tupu. Wewe baki na orodha ya maneno ambayo hujamsomea: majina ya vijiji, tarehe, bei. Yasome ukibadilisha mpangilio kila mara. Kila hatua 100 asimame na aandike anachosikia. Usimtumie aliyetunga tangazo, kwa sababu yeye anajaza maneno kichwani hata asipoyasikia. Programu ya kupima desibeli kwenye simu itakusaidia kulinganisha honi moja na nyingine, ila karibu na mdomo wa honi maiki ya simu inaishiwa na namba yake haiaminiki.

Anapoanza kukosea tarehe ndipo mwisho wa gari lako. Kama ni mapema kuliko ulivyopiga hesabu, anza na mwelekeo wa honi, kisha nyaya za yuniti, kisha volti kwenye amplifaya wakati inapiga. Zikiwa chini ya 12.5 huku injini inanguruma, rudi kwenye waya wa hasi na ukwangue rangi upya.